Chupa za jamu, achari na asali kwa bei ya jumla: namna ya kuagiza mpaka zikufikie Tabora bila kuumia

Kila mwaka mvua zikianza hapa Tabora na maembe yakaanza kudondoka naulizwa swali lilelile, dada chupa umetoa wapi na umenunua shilingi ngapi. Maana embe lenyewe si shida, embe hapa linaozea chini ya mti, watoto wanalipiga mateke wakitoka shule, ndoo nzima unaipata kwa hela ambayo mtu wa Dar ukimwambia anadhani unamdanganya. Sukari ipo, mkaa upo, mikono ipo. Kinachowakwamisha watu ni chupa na kifuniko chake, unafika dukani unakuta zimebaki chupa nane, bei imepanda, na nusu ya vifuniko imeanza kutu. Kwaiyo naandika yote ninayoyajua, nimeagiza misimu kadhaa sasa, kuna nilipopatia na kuna nilipopoteza hela, na vyote ntavitaja.

Kabla ya hatua yoyote shika hili moja: chupa unanunua mara moja, kifuniko unanunua kila msimu. Watu wengi tunafanya kinyume, tunanunua chupa mpya kila mwaka alafu vifuniko tunarudia vile vya zamani. Chupa ya kioo ukiitunza inakaa miaka, unaosha, unachemsha, unajaza tena. Kifuniko kwa ndani kina ule utepe laini kama mpira unaozunguka ukingoni, ndo unaobana mdomo wa chupa, na ukishabana mara moja ukapata moto unabaki na alama, ile mara ya pili haubani vile. Ukikiangalia kifuniko kilichotumika utaona mfereji mwembamba umejichora kwenye utepe. Huo mfereji ndo njia ya hewa.

Hatua ya 1: jua unaweka nini, ndo ujue chupa ya ukubwa gani

Hapa watu wanapita haraka na ndo hela inapoanzia kupotea. Chupa inauzwa kwa mililita, wewe bidhaa yako unauza kwa gramu, na hivyo viwili havifanani.

Chukua asali, maana Tabora nusu ya watu wanaotafuta chupa wanatafuta za asali kutoka Sikonge au Kaliua. Lita 1 ya asali ina uzito wa kilo 1.4 hivi. Kwaiyo ndoo ya lita 20 ikijaa ni kama kilo 28. Sasa mtu anataka kuuza asali nusu kilo, anaagiza chupa za mililita 500 kwa sababu nambari zinafanana, zikifika anajaza, kumbe ndani zimeingia gramu 700. Akiuza kwa bei ya nusu kilo anatoa gramu 200 bure kila chupa, akiijaza nusu kilo tu chupa inaonekana imepunjwa na mteja anaiweka chini. Asali ya nusu kilo inataka chupa ya mililita 360 hivi mpaka 380, na ndoo yako moja itatoa chupa 56 kwa hesabu ya karatasi, ukitoa inayobaki kwenye ndoo na kwenye kichujio panga 54.

Jamu nayo, kilo 1 ya nyama ya embe ukiiweka na sukari robo tatu mpaka kilo nzima na ukaipika mpaka ishike, inatoa chupa 3 mpaka 4 za zile za kawaida za jamu. Achari inategemea unavyokata na unavyoshindilia, hiyo pika mara moja kidogo uhesabu mwenyewe.

Andika kwenye daftari: msimu huu nitaweka kilo ngapi za nini, chupa ngapi, za mililita ngapi. Ukifika muuzaji atakuuliza na usipokuwa na jibu atakupa anachotaka kukiondoa dukani kwake.

Na kama ni asali ya kumimina bila moto, chupa za plastiki ngumu zinafaa na ni rahisi kusafirisha, ila usije ukamimina jamu ya moto humo, ile plastiki nyepesi inayong'aa yenye namba 1 kwenye pembetatu chini inaanza kulegea ikifika nyuzi 70 hivi, chupa inajikunja mkononi. Jamu na achari ni kioo.

Hatua ya 2: mdomo wa chupa

Hii ndo hatua iliyoniuma kuliko zote kwaiyo nivumilieni nikiirefusha.

Chupa nyingi za jamu tunazopata huku kifuniko chake kinakaza kwa robo mzunguko tu, kwa ndani kina vijino vidogo vinne mpaka sita vinavyokamata nyuzi za mdomoni. Vinakwenda kwa vipimo: 63, 66, 70, 82, hizo ni milimita za upana wa mdomo. Kwa macho 63 na 66 ni kitu kimoja. Mi nilinunua katoni 10 za chupa kwa mtu mmoja na vifuniko kwa mtu mwingine kwa sababu vya huyo wa pili vilikuwa nafuu, nikampigia simu nikamuuliza, kaka hivi ni sitini na tatu au sitini na sita? Akanijibu, dada hivyo vyote vinaingia, wateja wangu wote wanachukua hivyohivyo. Nikatuma hela.

Vilivyofika nikaweka kimoja kwenye chupa, kikazunguka. Kikazunguka tena. Hakikamati, kinakaa juu kama kofia ya mtu mzima kwenye kichwa cha mtoto. Jamu ya sufuria mbili ilikuwa tayari imeiva jikoni. Nilihangaika na mifuko ya nailoni na raba, wiki ya pili ikaanza kuota ukungu, nikamwaga. Milimita tatu tu.

Kwaiyo kanuni yangu sasa, chupa na vifuniko nanunua kwa mtu mmoja, siku moja, na kifuniko kinafungwa kwenye chupa mbele yangu au kwenye video. Na nina kifuniko kimoja kizuri ambacho sitoi kwa mtu, kipo kwenye pochi yangu, nikienda duka lolote la vifungashio nakijaribisha. Ukiwa na rula, pima mdomo wa chupa kutoka ukingo wa nje mpaka ukingo wa nje ukipita katikati, alafu muulize muuzaji anaiitaje hiyo.

Zile chupa unazoziona kwenye video za Wamarekani, zenye kifuniko cha vipande viwili, kisahani bapa na pete ya kuzungusha juu yake, ndo wanaziita Mason, kwa jina la John Landis Mason aliyepewa hataza ya chupa yenye nyuzi mdomoni huko Marekani mwaka 1858. Ni nzuri sana, pete unarudia miaka na miaka, kisahani tu ndo unabadilisha. Mdomo wa kawaida ni milimita 70 na mpana ni 86. Lakini huku kwetu kisahani cha kubadilisha utakipata wapi? Chupa bila kisahani ni kopo la kuwekea chumvi. Hata wenyewe Marekani mwaka 2020 wakati wa korona watu walivyojaa majumbani wakaanza kusindika kwa wingi, visahani viliadimika madukani mpaka mwaka uliofuata, watu wana chupa hawana vya kufunikia. Ukiletewa zawadi pokea, ila usijenge biashara juu yake. Tena hii 70 ya Mason na ile 70 ya robo mzunguko haziingiliani, nyuzi zake ni tofauti kabisa.

Hatua ya 3: piga hesabu ya chupa iliyofika

Bei ya Kariakoo si bei yako. Bei yako ni ya chupa iliyosimama nzima mezani kwako Isevya au Kiloleni. Ntatumia nambari za mfano tu, wewe weka za siku yako.

Tuseme Tabora rejareja chupa na kifuniko ni 1,200. Tuseme Dar jumla ni 700. Kwa haraka unaona umeokoa 500 kila chupa, unaruka. Subiri. Katoni 10 za chupa 24 ni chupa 240, hiyo ni 168,000. Usafiri tuseme 60,000. Kubebesha Kariakoo mpaka kwenye gari 10,000. Kutoa stendi mpaka nyumbani kwa guta 5,000. Jumla 243,000. Alafu zivunjike 6 njiani, umebaki na 234. Gawanya, kila chupa imekufikia kwa 1,038. Ulichookoa ni shilingi 162 kwa chupa, siyo 500. Bado ni hela, kwa chupa 234 ni karibu elfu 38, ila si ile uliyoiota.

Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa katoni 5. Chupa 120, ni 84,000. Usafiri haupungui nusu, tuseme 40,000, kubebesha 8,000, guta ileile 5,000. Jumla 137,000, zivunjike 3, zibaki 117. Kila chupa 1,171. Umeokoa shilingi 29, na umekesha kwenye simu siku tatu. Kwa mzigo kama huo bora ukanunue hapahapa mjini ubishane bei na muuzaji wa kwetu.

Lakini angalia vifuniko. Vifuniko havivunjiki, havina uzito, mia kadhaa vinaingia kwenye boksi moja linalokaa miguuni pa abiria. Usafiri wake kwa kimoja ni shilingi chache sana. Ndo maana nasema mtu ambaye chupa anazo tayari, msimu huu aagize vifuniko tu kwa jumla, hapo ndo punguzo linabaki mfukoni kwake lote. Mi sasa chupa naagiza mwaka mmoja naruka mwaka, vifuniko kila mwaka bila kukosa.

Hatua ya 4: tafuta wenzako

Hesabu ya juu imekuonesha mwenyewe, mzigo mdogo haulipi. Sisi tupo watano, wawili asali, mmoja achari, mmoja siagi ya karanga, na mimi jamu. Tunakubaliana chupa ya aina moja, hii ni muhimu kuliko mnavyodhani, maana mkichanganya aina tano mnarudi kuwa wanunuzi wadogo watano. Wa siagi ya karanga alitaka chupa fupi pana, tulimwelewesha mpaka akakubali ya kwetu, kwa sababu ya kwake peke yake ingemfikia ghali.

Hela zinakusanywa zote kabla ya oda, siyo mzigo ukifika. Hapo usione aibu hata kama ni shangazi yako. Mtu anayesema weka tu la kwangu ntakupa Ijumaa, huyo katoni zake zitakaa kwako mpaka mwezi wa 3. Andikeni kwenye daftari moja nani katoni ngapi, na mkubaliane kabisa kwamba zitakazovunjika mnagawana wote kulingana na katoni, hata kama katoni iliyovunjika imeandikwa jina la mtu. Bila hilo mtagombana siku ya kufungua mzigo, nimeshuhudia kikundi kizima kinakufa kwa chupa kumi na moja.

Hatua ya 5: muda

Agiza mwezi wa 7 au wa 8. Barabara ni kavu, wauzaji hawana haraka, na ukipata kasoro una muda wa kubadilisha. Ukisubiri mwezi wa 11 embe linaiva wewe unasubiri basi, na embe halisubiri. Wa asali nyie vuteni nyuma, kama mnalenga asali ya kuanzia Mei hivi, chupa ziwe ndani kabla ya Pasaka.

Hatua ya 6: muuzaji na sampuli

Dar kuna kiwanda cha vioo pale Chang'ombe, Kioo Limited, kinatengeneza chupa hapahapa nchini. Mtu wa katoni 10 kama sisi njia yetu ni maduka ya vifungashio Kariakoo. Alafu kabla hujatuma hela Dar, pita ofisi ya SIDO hapa mkoani. SIDO ipo tangu 1973 na kazi yake ni viwanda vidogo kama vyetu, hata wasipokuwa na chupa siku hiyo wanajua nani mkoani anaagiza, na unaweza kujiunga na mzigo wa mwenzio.

Omba sampuli. Chupa 2 na vifuniko 4, unalipia, unalipia na kutumiwa kwa basi, zikifika unazifanyia haya:

Pitisha kucha mdomoni mwa chupa taratibu mzunguko mzima. Macho yanadanganya, kucha haidanganyi, ikikwama mahali pamemeguka au pana mshono mkali, hapo kifuniko hakitabana.

Iinue kwenye mwanga wa dirisha. Viputo vidogo ndani ya kioo si kitu, ila mstari mwembamba kama unywele ni ufa, na upande mmoja wa ukuta ukiwa mwembamba kuliko mwingine hiyo itapasuka kwenye maji ya moto.

Jaza maji, funga, ilaze juu ya karatasi ya gazeti usiku kucha. Asubuhi gazeti liwe kavu.

Mwisho jaza maji yanayotokota, funga, acha ipoe. Ikipoa katikati ya kifuniko inazama, unasikia mlio mdogo, tik. Ukibonyeza na kidole haichezi. Ikicheza juu chini, juu chini, haikubana.

Sampuli ikipita, ile chupa yenyewe ibaki kwako. Mzigo ukifika unalinganisha nayo, maana kuna wanaotuma sampuli nzuri na mzigo mwingine.

Hatua ya 7: kulipa

Fupi tu. Lipa kwa namba ya biashara yenye jina la duka, siyo namba ya mtu. Dai risiti, na kwenye risiti iandikwe idadi, mililita, na kipimo cha mdomo, siyo "chupa katoni 10". Mtu mpya kwako mpe nusu, nusu nyingine ukitumiwa picha ya katoni zikiwa kwenye gari pamoja na risiti ya mzigo. Akikataa kabisa, mwache.

Hatua ya 8: safari ya kuja

Basi ni haraka ila buti lina joto na mizigo inarushwa, na wanatoza kwa boksi. Lori ni pole lakini kwa katoni nyingi linakuwa nafuu, na msimu wa mavuno malori yanayopeleka mpunga na mazao mengine Dar yanarudi na nafasi, muulize mtu anayesafirisha mazao akuunganishe na dereva wake.

Namna ya kufunga ndo inaamua zitafika ngapi. Mwambie muuzaji asitoe vigawanyio vya ndani ya katoni, kuna wanaovitoa ili waingize chupa mbili zaidi. Chupa isimame, isilale. Chini ya katoni kuwe na kadibodi ya ziada, na katoni ikitikiswa isitoe sauti kabisa. Ikilia tikitiki Kariakoo, itafika vipande. Katoni zifungwe mbilimbili kwa kamba, na juu asiandike tu "kioo", aandike jina lako, namba ya simu na hesabu kama 3/10, 4/10, ili ikipungua moja ujue ni ipi.

Hatua ya 9: kupokea

Usisaini kabla hujatikisa. Stendi pana kelele, utingo anakuharakisha, bodaboda wanakuita mama twende mama twende, wewe simama. Inua katoni mojamoja mpaka sikioni, itikise polepole. Iliyovunjika unaisikia kama mchanga. Hiyo fungua hapohapo mbele ya wakala wa basi, piga picha, hesabu, na iandikwe kwenye karatasi yao. Ukishatoka getini hakuna atakayekusikiliza, na si kwa ubaya, na wao hawajui umeivunjia wapi.

Nyumbani fungua zote siku hiyohiyo hata kama umechoka. Fungua juu ya shuka ya zamani siyo sakafuni, vipande vya kioo vikiingia kwenye nyufa za sementi utavitoa kwenye nyayo za watoto. Chupa yoyote iliyokuwa jirani na iliyovunjika oshwe kwa maji mengi na ipitishwe kucha, kipande kikiingia ndani ya chupa nyingine ukaja kukijazia asali juu, hilo sitaki hata kuliwaza.

Hatua ya 10: vingine vya kununua kwa wingi, na vya kuacha

Sukari nunua mfuko wa kilo 50 mgawane, haiharibiki ikiwa kavu. Ila uweke juu ya mbao, siyo chini. Chumvi hivyohivyo. Siki nunua dumu la lita 5 na usome lebo, iwe imeandikwa asidi asilimia 5, chini ya hapo ni ya kachumbari ya leo leo, si ya kuweka akiba. Ule unga wa sitriki unaotia ukali kama wa ndimu, usinunue mwingi, pakiti ndogo inatosha chupa nyingi na mvua za Tabora zikiingia unaganda kama jiwe. Unga huo ni muhimu kwa embe lililoiva sana na kwa nyanya, maana hazina ukali wa kutosha kila mara. Kwa nyanya wanaweka robo kijiko cha chai kwa chupa ya nusu lita.

Lebo usichapishe elfu moja. Utabadilisha namba ya simu, utabadilisha uzito, zitakuwa karatasi za kuwashia moto. Na kama unauza, jua kwamba usajili wa chakula tangu 2019 uko TBS, shirika la viwango, siyo ile mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, tena, kwaiyo kabla hujachapa chochote waulize SIDO wakuelekeze lebo iwe na nini.

Sufuria kubwa ya kuchemshia mnunue moja mzungushane. Chini uweke kitambaa kinene au wavu wa waya, chupa isiguse chini ya sufuria moja kwa moja. Na hapa nisikilize vizuri watu wa Tabora. Sisi tupo juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, maji yetu yanatokota kwenye nyuzi 96 siyo 100. Ukisoma maelekezo ya jamu yaliyoandikwa kwa watu wa pwani wanasema chupa zilizojaa zichemshwe dakika 5, wewe fanya 10. Wenzetu wa Kigoma pale ziwani wako chini kuliko sisi, ila bado wako juu sana kuliko pwani, nao ni 10. Ukitoa chupa ziweke juu ya ubao au kanga iliyokunjwa, ukiiweka ya moto kwenye sementi ya baridi itapasuka chini duara zima na jamu yote imwagike.

Alafu kuna swali naulizwa kila msimu wa mvua: dada, na uyoga je? Na maharage, na mahindi mabichi, na samaki wa kutoka Kigoma? Hapana. Jamani hapana. Vitu hivyo havina ukali, na kwenye chupa iliyofungwa bila hewa kuna bakteria anatengeneza sumu ya botulizimu, sumu hiyo haina harufu wala rangi, inaua. Maji yanayotokota hayamalizi mbegu zake. Inahitajika sufuria maalumu ya presha yenye kipimo, inayofika nyuzi 116 mpaka 121, na presha kuka yetu ya kupikia maharage siyo hiyo. Uyoga kausha kama mama zetu walivyokausha, dagaa vilevile. Mwenye chupa zilizobaki asitafute cha kujazia humo.

Hatua ya 11: kutunza zilizobaki

Chupa tupu zirudishe kwenye katoni yake na vigawanyio vyake, mdomo chini, mende na vumbi visiingie. Maji yetu yakiziachia utando mweupe, ziloweke kwenye maji yenye siki kidogo utatoka. Vifuniko vifungwe kwenye mfuko ndani ya ndoo yenye mfuniko, mbali na jiko, joto linakausha ule utepe na unyevu unaleta kutu, na nunua vya msimu mmoja au miwili tu, siyo vya miaka kumi hata vikiwa nafuu vipi.

Alafu chukua makapeni, andika ubavuni mwa katoni kwa herufi kubwa: kipimo cha mdomo, mililita, mwezi ulionunua, zimebaki ngapi. Ya kwangu iliyopo juu ya kabati sasa hivi imeandikwa 66, ml 370, Agosti, 83. Kila nikitoa chupa nafuta namba naandika nyingine, na mwezi wa 7 wenzangu wakipiga simu kuuliza safari hii wewe unachukua katoni ngapi, nasimama kwenye stuli nasoma nawajibu.